Fulana ya Njano: Sikumwona Sylvanus

Mimi Mikidadi wa Majengo, tangu nianze kupanda baiskeli za mashindano, sijawahi kumwacha kiongozi wangu njiani. Muulizeni yeyote mnayemtaka. Kwenye timu yetu wapo wenye mapaja kama magogo, wapo wenye mapafu ya kupuliza moto wa mhunzi, lakini uaminifu ni idara yangu.

Haya, turudi pale tulipoachana wiki jana.

Mliniacha kwenye mlima wa Kibosho, kilometa tisa kabla ya mwisho, matope mpaka kwenye meno. Mbele tulikuwa watatu tu. Eliamini wa Arusha, wa timu ya Magodoro Laini. Mimi. Na nyuma yangu Sylvanus, kiongozi wetu wa timu ya Povu Bora, ndani ya fulana ya njano ya anayeongoza mbio. Mkasikia mlio nyuma yangu, pwaa. Tairi. Halafu sauti ikaita.

"Mikidadi."

Kwa aliyepewa gazeti hili limefungiwa vitumbua akajikuta anasoma, namweleza upesi. Mbio za Mlima ni za siku tano, na hiyo ilikuwa siku ya nne, mwaka 1996. Wanajumlisha muda wa siku zote. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Sylvanus alikuwa anamtangulia Eliamini kwa sekunde thelathini na moja. Mimi alikuwa ananitangulia kwa dakika moja na sekunde arobaini, si kwamba sina miguu, ila mimi ni mbeba maji. Narudi nyuma kwenye pikapu ya timu, najaza chupa sita ndani ya fulana mpaka naonekana mjamzito, nakanyaga tena hadi mbele, namnywesha Sylvanus.

Hajawahi kusema ahsante. Husema, "Yana joto."

Povu Bora ni sabuni. Zamani tulikuwa klabu ya ushirika, tukipanda kwa heshima ya mkoa na chai ya rangi. Ushirika ukaishiwa nguvu, wenye viwanda vyao wakafunguliwa mlango, nasi tukachukuliwa na sabuni. Siku hizi napita Majengo nyumbani kwetu nimeandikwa mgongoni HUTOA MADOA YOTE, na watoto wananifuata na kaptula zao chafu.

Meneja wetu ni Mwalimu Thadeus, aliyefundisha jiografia mpaka akastaafu, na bado anatuita kwa majina ya rejista. Ana kanuni moja aliyotukaririsha kama katekisimu. Kiongozi akipasukiwa, aliye karibu naye anashuka, anatoa gurudumu lake, anampa, yeye anabaki. Asubuhi ile alituimbisha mara mbili, maana pikapu isingeweza kupanda barabara ya Kibosho kwenye mvua. Na kweli haikupanda. Ilizama kwenye tope chini kabisa, na magurudumu yote ya akiba yalikuwa ndani yake.

Kwa hiyo gurudumu pekee lililokuwa karibu na Sylvanus lilikuwa langu.

Sasa sikilizeni na hili kabla hamjanihukumu. Asubuhi hiyo hiyo nilimpelekea Sylvanus uji. Kibosho ni kwao, parokia nzima ilikuwa inamngoja kwenye uwanja wa kanisa, na kichwa kilikuwa kimemvimba kama andazi. Akauonja ule uji. Akaumwaga juu ya viatu vyangu vya mbio, pole pole, mbele ya timu nzima.

"Sukari haitoshi," akasema. "Mswahili wa Majengo, leo utanikinga upepo mpaka kwenye geti la kanisa. Ukifika hapo kaa pembeni, usije ukatokea kwenye picha."

Watu wakacheka. Hata Primus, rafiki yangu mimi, fundi wetu na mpandaji wetu, alicheka mpaka akajikwaa kwenye pampu.

Basi nikapanda Kibosho vidole vya miguu vinanata uji.

"Mikidadi," sauti iliita tena kutoka nyuma.

Sawa. Nilisikia. Nyie ni wasomaji wangu, siwezi kuwaficha. Nilisikia, nikajua ni nani, nikajua ni tairi la nyuma. Nikakanyaga. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, nikaingia ndani yake kama mtu anayeingia chumbani na kufunga mlango. Ndiyo hivyo. Nimewaambia yote, hakuna hata tone nililoacha.

Yale majigambo ya mwanzo yafuteni.

Mbele, Eliamini alikuwa amekwishaondoka. Kwenye mchezo wetu kuna ustaarabu: mwenye fulana ya njano akipasukiwa, hapigwi hapo hapo. Eliamini alisikia ule mlio akainuka kwenye kiti na kuondoka mbio kama mtu wa miaka ile aliyesikia duka la ushirika limeleta sukari. Nilimdharau sana. Nilimdharau huku namfukuza.

Nilimkamata kwenye daraja la pili.

"Mwenye njano yuko wapi?" akauliza, kifua kinapiga filimbi.

"Anakuja."

"Mbona hukumngoja?"

"Mbona wewe hukumngoja?"

"Mimi si timu yake."

"Basi nyamaza upande."

Alinyamaza, lakini kupanda kulikuwa kumemshinda. Alikuwa ameitumia miguu yake yote kwenye ule wizi wa kwanza. Zikiwa zimebaki kilometa mbili akaanza kuchora barabara kutoka mtaro huu hadi mtaro ule, kama mzee anayetoka kilabuni kwenye mbege. Godoro lake lingekuwa karibu, angelala.

Nikampita bila kumtazama. Uongo. Nilimtazama sana.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Kwaya imepangwa kwa sauti, wamama wa parokia wana masufuria ya ndizi za machalari, na yuko jamaa mmoja mwenye kipaza sauti aliyekuwa akimsifu Sylvanus tangu saa nne bila kumeza mate.

"Anakuja kijana wetu," akapiga kelele alipoona fulana ya Povu Bora ikichomoza kwenye ukungu. "Tunda la Kibosho. Mtoto wa ardhi hii. Simba wa... wa..."

Hapo akaniona uso.

"Wa Povu Bora," akamalizia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani asiyemjua. Sauti ya tatu wakanyamaza, sauti ya kwanza wakaendelea wenyewe mpaka mwisho wa ubeti kwa sababu hakuna aliyewaambia. Nikavuka mstari mikono juu. Nikajipigia makofi mwenyewe, maana mtu hawezi kungoja wengine kwa kila kitu.

Eliamini aliingia nyuma yangu kwa dakika moja na sekunde kumi na nane. Waamuzi wakakaa na karatasi zao, wakajumlisha, wakatoa, wakajumlisha tena kwa kutokuamini. Nilikuwa naongoza Mbio za Mlima kwa sekunde tisa.

Wakanivisha fulana ya njano. Ilinukia kama chumba cha mtu mwingine.

Na Sylvanus? Aliingia baada ya dakika arobaini, kwa miguu, baiskeli begani, viatu vya mbio mkononi, magoti yote mawili yana tope. Mbele ya mama yake, mbele ya padre, mbele ya msichana mmoja aliyevaa gauni jipya ambaye sitamtaja. Jamaa wa kipaza sauti alisema, "Karibu," tu.

Mnaniuliza kama niliona huruma. Niliona viatu vyake. Havikuwa na uji.

Tulipangiwa kulala pale Kibosho kwenye darasa la nne la shule ya msingi, na saa kumi alasiri Mwalimu Thadeus akatuita humo humo. Akakaa kwenye meza ya mwalimu kama hajawahi kuondoka. Sisi tukajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio. Primus alikuwa pembeni, amepindua baiskeli yangu, anajaza upepo na kupangusa mnyororo kwa ajili ya kesho. Baiskeli ya mwenye fulana hupanguswa kwanza. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho kupanguswa kwa miaka miwili, kwa hiyo ule mlio wa pampu niliusikiliza kama muziki.

"Mikidadi," akasema Mwalimu. "Kanuni yetu inasemaje?"

Nikaisema yote.

"Uliisahau?"

"Hapana, mwalimu. Kanuni inasema aliye karibu. Mimi sikuwa karibu. Nilikuwa nimekwishamfuata Eliamini ili nimchoshe kwa faida ya Sylvanus. Ukungu ulikuwa mzito. Sikumwona Sylvanus."

"Hukumwona."

"Mwalimu, sikuona hata usukani wangu."

"Na hukumsikia?"

"Mvua kwenye migomba, mwalimu. Unajua ile kelele."

Mwalimu aliijua. Alitikisa kichwa kwa namna ya mtu wa jiografia anayekumbuka mvua za milimani. Akamgeukia Sylvanus.

"Sylvanus, wewe unasemaje? Alikuona?"

Hapa ndipo nilipokuwa naogopa, na hapa ndipo nilipojua nimeshinda. Sylvanus alifungua mdomo. Akanitazama. Akaangalia magoti yake yenye tope. Akaufunga.

"Nilimwita," akasema mwishowe.

"Ukamwita tu?"

Sylvanus akakwangua tope la goti kwa kucha.

"Nakuuliza, kuna kingine?"

"Hakuna kingine, mwalimu."

Nikatazama dirishani nisije nikatabasamu. Bwana mkubwa alikuwa na maneno ya kunimaliza, yamejaa mdomoni, na hakuweza kuyatema kwa sababu yangemchafua yeye kwanza. Majivuno ni kitu kizuri sana kikiwa cha adui yako.

Mwalimu akapiga meza kwa kiganja.

"Basi. Siwezi kumhukumu mtu kwa ukungu. Kesho ni siku ya mwisho, tunashuka Moshi, na sekunde tisa ni kitu cha kulindwa na timu nzima. Ningejua alikuona akakuacha, ningemtoa kwenye mbio jioni hii, fulana au si fulana, na ningewaambia Arusha waichukue. Lakini sijui hivyo. Kwa hiyo kesho tunampandia Mikidadi. Primus atavuta mwanzo. Sylvanus..."

Akasita. Hata yeye aliona aibu kidogo.

"Sylvanus utabeba maji."

Wenzangu, nimewahi kula pilau la harusi, nimewahi kufaulu mtihani wa kidato cha nne bila kutarajiwa, lakini sijawahi kusikia sentensi tamu kama hiyo. Nikageuka kwenye dawati langu dogo.

"Kaka Sylvanus," nikamwambia kwa upole, "mimi napenda ya baridi."

Vijana wakacheka. Wale wale waliocheka asubuhi. Kucheka kwao hakuna timu, kunahamia tu.



Mlango ukagongwa, na bila mtu kusema karibu, ukafunguka. Akaingia bibi mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mundu umechomekwa katikati ya mzigo, kanga imefungwa kiunoni. Akautua mzigo mlangoni. Sisi sote tukaamkia shikamoo, hata Mwalimu Thadeus, maana bibi alikuwa mkubwa kwake kwa mbali.

"Marahaba. Mimi Mektrida, wa pale juu ya daraja la kwanza. Mwalimu wa hawa ndiye nani?"

"Ni mimi, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Ng'ombe wananingoja. Nimemfuata mtu." Macho yake yakapita kwenye madawati moja moja, yakafika kwangu, yakatulia. "Huyu. Mwenye njano."



"Mama," nikasema, "leo tulipita wengi. Tena na tope lile, tulikuwa tunafanana wote."

"Tope ulikuwa nalo. Lakini meno yako niliyaona vizuri, maana ulikuwa unacheka."

Pampu ya Primus ikanyamaza.

"Eleza, mama," akasema Mwalimu.

"Mimi sikwenda kutazama baiskeli. Nilikuwa nakata majani nyuma ya ua wangu. Nikasikia tairi limelia. Huyu mtoto wa hapa," akamwonyesha Sylvanus kwa kidevu, "akasimama. Akamwita mwenzake. Na huyu akasimama. Akarudi. Akashuka kabisa kwenye baiskeli yake."

"Alishuka?" Mwalimu akauliza.

"Akashuka, akaegemea baiskeli, akamwambia, 'Omba vizuri.' Mtoto wa watu akamwomba. Huyu akasema, 'Bado.' Basi yule akaja kwenye ua wangu, akang'oa jani la isale, akalifunga fundo. Akapiga magoti barabarani kwenye tope. Akalinyoosha kwa mikono miwili. Akasema, 'Nisamehe uji wa asubuhi. Nipe gurudumu, kwetu wananingoja.' Nami nikatoa kilemba changu kichwani, maana jani lile likinyooshwa mbele yako huwezi kukata majani kama kwamba hakuna kitu."

Nyie wasomaji msinitazame hivyo. Nilisema nimewaambia yote. Sehemu hiyo ilinipitia.

Na kwa nyie wa Tanga na wa Mtwara msiojua, isale ni mmea wa mipakani, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, kimezungukwa nao. Mtu akikukosea, hata kama ameua, akija na jani lile limefungwa fundo, akakunyooshea, ukalipokea, basi. Umesamehe. Hakuna mjadala wala rufaa. Unaweza kukataa kulipokea, ukabeba mzigo wako. Lakini ukishalishika mkononi halafu ukamdhuru yule yule aliyekupa, hakuna nyumba kwenye mlima huu itakayokupa kigoda.

"Akalipokea?" Mwalimu aliuliza, sauti imekuwa ndogo.

"Kwa mkono wa kulia. Akasema, 'Yameisha, kaka.' Yule mtoto akainama pale pale kuanza kulegeza nati zake, yuko magotini bado. Alipoinua uso, huyu yuko kwenye baiskeli, anakwenda, anacheka peke yake."

Hakuna aliyemtazama Bibi Mektrida tena. Walinitazama mimi. Halafu wakamtazama Sylvanus, naye alikuwa ameweka kipaji cha uso juu ya dawati kama mtoto aliyepewa adhabu. Sasa timu nzima ilijua ni kitu gani alishindwa kukisema. Kwamba Simba wa Kibosho alimpigia magoti mbeba maji wake.

Nilijaribu mlango wa mwisho uliobaki.

"Bibi, mimi ni mtu wa mjini. Mswahili wa Majengo, kama wanavyoniita hapa kila siku. Hayo majani mimi siyajui. Nilidhani amenipa jani tu."

"Mama yako ni wa wapi?"

Nikakohoa.

"Mama yake ni wa Uru," Primus akasema kutoka pembeni. Hakuniangalia. "Aliolewa mjini. Nimekula ndizi za kiburu kwake mara nyingi. Uani kwake Majengo amepanda masale mawili kwenye ndoo, na ukiyagusa anakufukuza."

"Basi alikufundisha," Bibi Mektrida akaniambia, na hakulisema kwa hasira. Ningependa angelisema kwa hasira.

Akafungua pindo la kanga yake. Akatoa jani refu la kijani, fundo katikati, tope limekaukia kwenye ncha.

"Nililiokota mtaroni. Mbele kidogo ya pale, hata kona hujafika ulikuwa umekwishalitupa. Jani limetoka kwenye ua wangu, mwalimu, kwa hiyo mimi ni shahidi, nipende nisipende. Siwezi kulala nalo nyumbani kwangu."

Akalivuka darasa, akaliweka kwenye dawati langu, juu ya maandishi ya mtoto fulani aliyechonga jina lake kwa kalamu. Akarudi mlangoni, akajitwisha mzigo wake. Lakini hakuondoka. Alisimama pale na majani kichwani, anangoja.

Primus aliinama kwenye baiskeli yangu. Akafungua vali ya gurudumu la mbele. Upepo ukatoka taratibu, mrefu, na sote tukausikiliza mpaka ukaisha. Akahamia kwenye la nyuma.

Mwalimu Thadeus akasimama kutoka kwenye meza. Alipita kati ya madawati kama alivyopita miaka thelathini akikusanya madaftari ya watu ambao hawakufanya kazi ya nyumbani. Akafika kwangu, akasimama. 

"Mikidadi," akasema, "mbele ya huyu mama. Ulimwona Sylvanus, au hukumwona?"

Mimi, mwenye jibu kwa kila mtu tangu darasa la kwanza, nililiokota lile jani kwenye dawati, na mkono wa pili ukaenda kwenye kola ya fulana.

Mwalimu akanyoosha kiganja chake wazi mbele ya kifua changu, na sikujua anataka nimpe jani au nimpe fulana.